Mto wa Kulalia, Si Mto wa Maji

"Umemkanyaga mzee!"

Shangazi aliyasema hayo kwa sauti ile ile ya darasani, na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikaruka nyuma kana kwamba kweli kuna mtu alikuwa amelala pale.

Tulikuwa kando ya Bachalpsee, ziwa la mlimani lililo juu ya Grindelwald, Uswisi, mita 2,265 kutoka usawa wa bahari. Ilikuwa katikati ya Julai. Mimi nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya picha moja tu: maji yametulia kama kioo, na vilele vya Wetterhorn, Schreckhorn na Finsteraarhorn vimejipindua ndani yake. Huenda umewahi kuiona kwenye kalenda bila kujua ni ya wapi. Shangazi hakuwa na habari na vilele. Yeye alikwenda kuangalia mimea.

Shangazi alifundisha biolojia ya sekondari kwa miaka 31. Kila mwaka ikifika sura ya mimea ya milima mirefu, aligeukia ubao akachora kitu cha duara, kinene, kilichojikunyata juu ya mawe, akawaambia wanafunzi kwamba mmea huu una umbo la mto. Na kila mwaka, kwenye mtihani, hakukosekana wa kuandika kwamba mimea hiyo huota kandokando ya mto. "Mto wa kulalia, jamani, si mto wa maji!" Anasema alikuwa akiwapa nusu alama, kwa sababu angalau walikuwa wamesikiliza. Lakini mmea wenyewe hakuwahi kuuona kwa macho. Alinakili mchoro wa kitabuni, na aliyetangulia kuuchora, nadhani, naye alinakili kwa mwingine.

Tulipanda kwa vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya hadi kituo cha First, na kutoka hapo ni miguu, kama kilomita tatu hivi. Vibao vya njano vya njia za Uswisi huonyesha muda wa mwendo badala ya umbali, na chetu kilisema ni chini ya saa moja. Tulitumia saa mbili na nusu. Si kwamba Shangazi alichoka. Magoti yake humsumbua anaposhuka, lakini kupanda anapanda vizuri tu. Kilichotuchelewesha ni kwamba alisimama kwenye kila kitu chenye petali.

Kwanza vichaka vya rododendroni, vile wenyeji huviita waridi la Alps ingawa si waridi hata kidogo. Mteremko mzima ulikuwa mwekundu wa waridi. Watu waliokuwa mbele yetu walivipiga picha wakaendelea. Shangazi aligeuza jani. "Ona chini yake." Chini palikuwa na rangi ya kutu, kama bati lililonyeshewa miaka. Akanieleza kwamba jina lake la kisayansi, *ferrugineum*, limetokana na kutu hiyo hiyo, kisha akatoa mfukoni lenzi ndogo ya mkononi aliyokuwa nayo tangu enzi za maabara, tukaanza kuchunguza kutu kwa zamu huku wapita njia wakituzunguka.

Halafu okidi. Hii peke yangu ningeipita mara mia. Ni kifundo cha maua kilichosimama katikati ya nyasi, kifupi kuliko kidole changu cha kati, chekundu kilichoiva hadi kukaribia weusi. Shangazi alipiga magoti, akainamisha uso, akabaki hapo. Nikadhani kizunguzungu.

"Shangazi, vipi?"

"Nusa."

Nikanusa. Vanila. Harufu safi kabisa ya vanila, pale kwenye malisho ya ng'ombe, kengele zao zikilia ng'ambo ya pili ya bonde. Nilinusa tena nikidhani nimejidanganya. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba hata vanila yenyewe ni tunda la okidi, kwa hiyo ni ndugu wa mbali, lakini wakati ule nilichoweza kufanya ni kucheka tu.

Tulipofika ziwani milima haikuwapo. Wingu lilikuwa limeshuka hadi mabegani mwa vilima, na ng'ambo ya maji palikuwa na weupe mtupu. Bachalpsee ni kama maziwa mawili yaliyotenganishwa na ukingo wa asili, dogo likiwa chini kidogo ya kubwa, na yote mawili siku hiyo yalikuwa na rangi ya sufuria. Nilinuna. Nasema kweli, nilinuna kama mtoto aliyenyimwa. Nikaanza kuhangaika huku na huku nikitafuta pembe ambayo labda ingenipa hata kipande cha Schreckhorn, na katika kuhangaika huko nikatoka njiani, nikaweka mguu juu ya kitu laini.

Hapo ndipo nilipomkanyaga mzee.

Ulikuwa mto. Wa kulalia. Duara la kijani lenye upana wa sahani kubwa, limebana mawe, na juu yake vimetapakaa viua vya waridi vidogo kama vifungo vya shati. Wataalamu huuita *Silene acaulis*. Shangazi hakuuita chochote kwa muda. Alinisogeza kwa fimbo yake, akakaa chini kabisa, akauwekea kiganja juu kama unavyompima mtoto homa.

"Gusa," alisema hatimaye. "Pole pole. Huku ndani pana joto kuliko hewani."

Kisha somo likaja lote, sura nzima, bila ubao. Kwamba majani yamebanana hivi ili upepo upite juu yasikauke. Kwamba mto hutunza joto la jua na kushika majani yake yaliyokufa, yaoze humo humo yawe chakula chake. Kwamba mzizi wake hushuka ndani sana kwenye mawe. Kwamba huchukua miaka mingi kabla ya kutoa ua la kwanza, na iliyo mikubwa inaweza kupita miaka 100. "Huyu amenizidi umri," alisema, "na wewe umempandia na kiatu chenye meno."

"Nisamehe, Shangazi."

"Usiniombe mimi."

Nikauomba msamaha mmea. Mzee mmoja na mkewe waliokuwa wakipita walituangalia, wakaamkia kwa kichwa, wakaendelea na safari yao.

Baada ya hapo nilitembea nikiangalia ninapokanyaga, na tukalizunguka ziwa kwa mwendo wake yeye. Sehemu nyingine njia ilikuwa ni alama ya nyayo tu. Kwenye kingo zenye majimaji palikuwa na manyasi yenye vichwa vya pamba, mamia kwa mamia, vyote vimeinamia upande mmoja kwa upepo. Kwenye kibonde kimoja chenye kivuli palikuwa na bamba la theluji lililokataa kuondoka, na pembeni yake, mahali theluji ilipokuwa nyembamba kama ganda la yai, visoldanela vilikuwa vimeitoboa: kengele za zambarau zenye kingo zilizochanika-chanika kama pindo la kanga kuukuu. Vingine vilikuwa bado vimesimama ndani ya barafu. Marmoti, mnyama wa milimani wa jamii ya kindi, alipiga mluzi mahali fulani juu yetu, na hatukumwona.

Edelvaisi, ua ambalo kila mtu huliuliza, hatukuliona pia. Shangazi hakujali. Alisema lile watu wanalodhani ni petali nyeupe ni majani yenye manyoya tu, maua yenyewe ni vile vidoti vya njano katikati, kwa hiyo mnalisifu kwa koti lake.

Alichokitaka sana, baada ya ule mto, ni jentiani. Tulizikuta karibu na mwisho wa mzunguko, kwenye kingo iliyoelekea kusini: tarumbeta za buluu zilizotoka moja kwa moja ardhini. Buluu gani, sijui niseme. Si samawati, si nili. Tatizo ni kwamba zote zilikuwa zimejifunga, zimejisokota kama mwavuli. Jentiani hujifunga wingu likija na baridi ikizidi, ili chavua isilowe. Shangazi akatandika koti lake, akalala kifudifudi uso ukiwa shibiri moja kutoka kwenye ua, akatangaza kwamba anasubiri.

Tulisubiri dakika 40 hivi. Niliangalia saa ya kibanda cha mwisho cha kushukia mara mbili, mara ya tatu nikaacha.

Kisha nikasikia watu wakipiga kelele. Wingu lilikuwa limepasuka upande wa kusini-mashariki, na Schreckhorn lote lilikuwa nje, mita 4,078 za mwamba na barafu, juu angani na chini majini. Jua likatupiga. Niliruka, nikasimama kwenye kingo na simu mkononi, miguu nimeipanua, napiga picha, napiga, napiga.

Nyuma yangu sauti ya darasani ikasema, "Mwanangu."

"Naam, Shangazi! Umeona?"

"Sogea. Unalizibia jua."

Niligeuka. Kivuli changu kilikuwa kimelala sawasawa juu ya jentiani. Nikasogea.