Boti haing'oi nanga mpaka ijae

Nilivuka kutoka Goma, mashariki mwa Kongo, kwenda Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, kumsalimia baba mdogo, nile mananasi, nirudi kazini. Siku za mwanzo zilipita vizuri, sina la kusimulia, isipokuwa nauli imepanda na mbao za kukalia bado zinaumiza mgongo.

Alfajiri moja baba mdogo alirudi kutoka kufunga mbuzi akiwa ameshika kifua. Kulikuwa na baridi, lakini shati lake lilikuwa limelowa jasho. Akasema ni tumbo tu. Kumbe miezi mingi alikuwa akibanwa kifua kila akipanda kilima kwenda shambani. Anakaa kidogo, maumivu yanapoa, anaendelea. Muuguzi wa kituo cha afya alimpima tansiyo, yaani shinikizo la damu, akampa aspirini aitafune, akanivuta pembeni: "Huyu ni moyo. Mashine ya kuupima hapa hatuna. Mfikishe Bukavu leo hii."

Pwani tulikuta boti ina akina mama watatu na vikapu vya mananasi. Nahodha akasema haondoki mpaka ijae, mafuta ni ghali. Nikamwambia nina mgonjwa.

"Wagonjwa wote wanapita hapa, kaka."

Nikauliza bei ya nafasi zote zilizobaki. Dola 60. Mfukoni nilikuwa na 35. Nikabembeleza, nikafoka, nikabembeleza tena. Jua likapanda. Baba mdogo alikuwa amelala juu ya magunia, midomo imekuwa rangi ya majivu, na bado ananituliza: "Acha wajae, mwanangu. Nao wanatafuta maisha." Kila dakika niliyosimama pale, damu iliyoganda ilikuwa imeziba mshipa na msuli wa moyo unakufa. Dawa ya kuyeyusha damu hiyo hufaa zaidi saa za mwanzo kabisa. Zikipita 12, faida yake hupungua sana.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa mananasi. Alifungua fundo la kitenge, akatoa faranga zake, akamwambia nahodha: "Ongeza hizi, twende. Huyu mzee ni wa watu." Wenzake nao wakatoa. Mota ikawaka.

Hospitali ya Bukavu nayo ilinidai malipo ya kwanza kabla ya kitanda, nikapiga simu kwa ndugu nikiwa nimesimama koridoni. Jioni daktari alinionyesha karatasi ya mapigo ya moyo: sehemu ya msuli imeshakufa. Ataishi, lakini kupanda kilima na gunia la mihogo ndiyo basi.

Kitanda cha pili alilala mfanyabiashara wa Kadutu, palepale Bukavu, mnene, mvutaji sigara, mwenye tansiyo ya miaka. Ugonjwa ni uleule. Yeye kifua kilipombana alipakiwa kwenye pikipiki, akafika mapema, na alitoka akitembea kwa miguu yake. Nilimfurahia kwa dhati, ila moyo uliniuma. Baba mdogo hajawahi kuvuta sigara. Anakula maharage na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na miguu ndiyo gari lake.

Yaliyotukuta yalishapimwa kwingine. Utafiti wa PURE uliotolewa 2014, uliofuatilia watu zaidi ya 150,000 katika nchi 17, Zimbabwe na Afrika Kusini zikiwemo, ulikuta watu wa mjini ndio wenye vihatarishi vingi vya moyo, lakini wa vijijini ndio walioshikwa zaidi na maradhi ya moyo na mishipa. Kati ya walioshikwa, mjini walikufa kama 13 na nusu kwa kila 100. Kijijini zaidi ya 17.

Sasa baba mdogo amerudi Idjwi na vidonge vya kila siku, vya maisha yote. Duka la dawa la kijijini lina parasetamoli na dawa za malaria. Za moyo nitanunua Goma niwe namtumia kwa boti. Na sisi watoto wa ukoo tumekubaliana kuchanga kila mwezi pesa ya kukodi boti nzima, ikae kwa muuguzi yule, imsubiri yeyote wa pale atakayebanwa kifua, awe ndugu yetu au asiwe.