Nilivyolinda nyaraka za shauri la usuluhishi wa kimataifa

Mteja wetu ni mkandarasi wa Dar es Salaam. Aligombana na kampuni ya nje iliyomuuzia mitambo, na mkataba wao ulitaka mgogoro wowote upelekwe kwenye usuluhishi, yaani uamuliwe na wasuluhishi badala ya mahakama, makao yakiwa London. Mimi si wakili. Kazi yangu ofisini ni kusimamia nyaraka, na shauri hili nilikabidhiwa lote: michoro, taarifa za benki, barua pepe za mradi mzima na ripoti za mashahidi wataalamu.

Jambo lililoninyima usingizi mapema ni kwamba usuluhishi hauna masjala moja kama ya mahakama. Kesi ikiwa Mahakama Kuu, jalada lina mahali pake na lina mtu wa kuulizwa. Hapa wasuluhishi watatu walikuwa nchi tatu tofauti, kila mmoja na kompyuta yake. Ongeza mawakili wa pande mbili, taasisi inayosimamia shauri, wataalamu, mkalimani na wanukuu wa kikao. Siri ya mteja inakaa kwa watu wote hao, na hakuna bosi mmoja wa kuwaamuru. Mdukuzi hahangaiki na ofisi iliyojifunga vizuri, anamtafuta yule mwenye nywila moja kwa kila kitu.

Baadhi ya wenzangu waliona natia chumvi, nikawaeleza ya Julai 2015. Ufilipino na China walikuwa na shauri la Bahari ya China Kusini lililosimamiwa na Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, The Hague. Wiki ileile ya kikao cha kujadili kama wasuluhishi wana mamlaka ya kusikiliza shauri hilo, tovuti ya mahakama hiyo ilipandikizwa programu hasidi, kiasi kwamba aliyeifungua kufuatilia kesi alikuwa hatarini kuambukizwa. Nikataja pia shauri la usuluhishi la kampuni ya Libananco dhidi ya Uturuki, ambapo ilibainika kuwa serikali hiyo ilinasa barua pepe za upande wa pili, za mawakili zikiwemo, katika uchunguzi wa jinai. Mabishano yakaisha.

Wakili mkuu alikubali tulete suala hili kwenye kikao cha kwanza cha kupanga uendeshaji wa shauri, na nadhani hapo ndipo kazi ilipofanikiwa. Tuliegemea Protokali ya usalama wa mtandao katika usuluhishi wa kimataifa, yaani mwongozo ulioandaliwa na ICCA (baraza la kimataifa la usuluhishi wa kibiashara), Chama cha Mawakili cha Jiji la New York na CPR (taasisi ya kuzuia na kutatua migogoro), toleo la 2020. Ninaipenda kwa sababu hailazimishi kila mtu kununua mitambo ya gharama. Inataka hatua zinazolingana na uzito wa shauri, pande zizungumze mapema, na baraza la wasuluhishi lina mamlaka ya kuamua. Upande wa pili haukupinga, maana nao walikuwa na siri zao za bei. Amri ya kwanza ya utaratibu ikasema nyaraka zote zipite kwenye hifadhi moja ya mtandaoni, kila mtu aingie kwa jina lake na uthibitisho wa hatua mbili, na anayehisi kuvamiwa awajulishe wenzake mara moja.

Kazi ngumu ilikuwa kwa mteja mwenyewe. Mwenyekiti wa kampuni, mtu mzima aliyejenga barabara nyingi, aliniambia, "Mwanangu, haya ya namba za siri kila ukiingia mimi siyawezi. Nitumie WhatsApp." Nikamjibu, "Mzee, nitakuja nikufungulie mwenyewe." Nikaenda, tukaweka pamoja kwenye simu yake, akafungua mara kadhaa mbele yangu mpaka mkono ukazoea. Hakuomba tena WhatsApp.

Halafu kukawa na orodha za mishahara. Zilikuwa na majina na akaunti za benki za mafundi, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, huwezi kuzirusha nje ya nchi kiholela. Dada wa uhasibu alizificha kwa kuchora mistari myeusi juu ya majina kwenye PDF. Nikaburuta kishale juu ya mstari mweusi, nikanakili, nikabandika kwenye ukurasa mtupu. Majina yote yakatokea, na akaunti zake. Mstari ule ni rangi tu, maandishi bado yapo chini. Tukatumia zana inayofuta maandishi kabisa, kisha kila ukurasa nikaujaribu kwa njia ileile kabla haujatoka.

Shambulio lenyewe lilikuja kupitia pesa. Barua pepe ilifika kwa mhasibu, eti taasisi imebadilisha akaunti ya kupokea amana ya gharama za wasuluhishi. Nembo sawa, namba ya shauri sawa. Kwenye anwani, herufi m ilikuwa imeandikwa kwa r na n zilizobanana. Mhasibu alifuata tulichokubaliana: hakujibu, alipiga simu kwa namba iliyokuwa kwenye barua ya kwanza kabisa. Taasisi ikakana, nasi tukawajulisha wote jioni ileile kama amri ilivyotaka.

Bado ninasisitiza kuwa si kila uvujaji unatokana na kompyuta. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Uingereza ilibaini kuwa P&ID, kampuni iliyokuwa ikiidai Nigeria kwenye usuluhishi, ilikuwa ikipata nyaraka za siri za kisheria za Nigeria shauri lao likiendelea, na tuzo, yaani fedha zilizoamuliwa na wasuluhishi, pamoja na riba ilikuwa imefikia takriban dola bilioni 11. Kwa hiyo nilipunguza watu. Mtaalamu wa mitambo alipewa michoro, hesabu za benki hakuziona. Mkalimani alipata kurasa zake tu.

Tuzo ya shauri letu, yaani uamuzi wa mwisho, ilipotoka, niliwaandikia wote wafute nakala na wathibitishe kwa maandishi. Sisi tulibakiza seti moja iliyosimbwa, isiyosomeka bila ufunguo wake, kwa sababu tuzo huenda ikahitaji kukaziwa nchi nyingine chini ya Mkataba wa New York wa 1958. Mkataba mpya wa mteja huyu na muuzaji mwingine sasa una kifungu cha usalama wa taarifa ndani ya kifungu cha usuluhishi. Rasimu yake ya kwanza niliiandika mimi, wakili mkuu akainyoosha.