Mimi si mumiani: siku yangu moja maabara, Bagamoyo

Saa 11 alfajiri naswali, nakunywa chai, napanda bodaboda. Kuwasha mashine, kuandika joto la majokofu, kubandika lebo. Saa 2 nimemaliza.

Saa 3 tuko kijijini, upande wa Mlingotini, kwa mzee aliyekubali wiki iliyopita kutoa damu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hiyo damu mnampelekea nani? Majirani wanasema nyie mumiani."

Neno hilo huniuma, na huku pwani nalisikia sana. Nikamsomea upya karatasi ya ridhaa, mstari kwa mstari. Bado akatikisa kichwa. Jua linapanda, na damu ikishatoka sharti seli zitenganishwe siku hiyohiyo.

Nikakaa mkekani. Babu, askari wa mwili wako wana mama zao ndani ya uboho. Seli mama ikijigawa hunakili vinasaba vyake, herufi kwa herufi, na mara mojamoja hukosea. Kwa mwaka hujikusanyia makosa kama 17, mengi hayana madhara, na wazao wake wote huyarithi. Panya wa maabara huwekewa alama makusudi kwenye vinasaba. Binadamu hafanyiwi hivyo, kwa hiyo tunafuata makosa yaliyojitokeza yenyewe: seli mbili zenye kosa lilelile ni ndugu. Tunatafuta ukoo wa seli zinazoikumbuka malaria.

Mzee ni mchonga milango. Akanyamaza kitambo, kidole kikizunguka ua kwenye ubao aliokuwa akiuchonga.

"Mwalimu wangu ua lake lilipungua jani moja, hapa chini. Nasi wanafunzi tukaliiga hivyohivyo. Ukiliona mjini, jua mlango ni wa kwetu." Akakunja mkono wa shati. "Haya mjukuu wangu, toa."

Saa 6 nimerudi, sentrifyuji, mashine ya kutenganisha damu kwa kuizungusha kasi, inazunguka dakika 30. Breki nimeizima, maana ikisimama kwa ghafla tabaka huvurugika. Ikitulia, juu ya wekundu inaelea pete nyembamba, nyeupe kama tui. Hizo ndizo seli zenyewe, wale askari. Naivuta kwa pipeti taratibu, pumzi nimeibana.

Kisha kuosha, kuhesabu kwenye hadubini, kuosha tena. Kiuno kinawaka, macho yanaona nukta hata nikiyafumba. Chakula nilikula, saa sikumbuki. Vichupa vya seli za mzee vinalala kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Kesho vinaingia kwenye naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali zaidi.

Magharibi imeshaadhiniwa natoka. Badala ya bodaboda nikapita Mji Mkongwe kwa miguu, namulika milango kwa simu. Wa tatu, kwenye kizingiti cha juu, ua limepungua jani moja.