Kilomita elfu kwa shati bichi

Mke wangu alidhani ni mzaha mpaka aliponikuta uani nashona ngozi ya mbuzi juu ya kiti cha pikipiki. Ngozi yenyewe ni ya mbuzi wa Idi kubwa. Nilikuwa nimeipaka chumvi na kuianika, halafu ikakaa darini miezi ikinukisha nyumba.

"Baba Nasra, una wazimu, au una mke Nairobi?"

Nikamwambia naenda Nairobi na kurudi siku hiyo hiyo. Silali, na sina mtu wa kumwona huko. Akasema hilo ndilo baya zaidi, kwamba sina hata mtu wa kumwona.

Mimi ni fundi wa friji na AC, Majengo, Mombasa. Pikipiki yangu ni Boxer ya 150, ile ile inayobeba mitungi ya gesi na mashine ya kuvuta hewa wiki nzima. Miaka miwili iliyopita mteja mmoja alinichelewesha na malipo, na katika kumsubiri nikaanza kusoma habari za waendesha pikipiki wa masafa. Huko Marekani kuna chama kinaitwa Iron Butt Association, maana yake makalio ya chuma (mama mkwe aliponiuliza maana nikasema ni jina la mtu). Kipimo chao cha kuingilia wanakiita SaddleSore: maili 1,000 ndani ya saa 24, ambazo ni kama kilomita 1,610. Ushahidi wako ni risiti za petroli, kila moja na saa yake na mahali pake.

Nikapiga hesabu kwa Boxer yangu. Ni kilomita 67 kila saa, saa 24 mfululizo, bila kunywa chai wala kwenda msalani. Nikaichukua hiyo elfu yao nikabadilisha kipimo tu. Elfu ni elfu. Kwenda Nairobi na kurudi ni kilomita mia tisa na kitu, na hicho kitu kinachopungua nikasema nitakitafuta nikishafika.

Ilikuwa wiki ya pili ya Februari 2025, kaskazi imeanza kuchoka na Ramadhani iko mlangoni. Kila niliyemwambia alinionya. Wengine lori, wengine tembo wa Maungu, jirani mmoja polisi. Hakuna hata mmoja aliyetaja joto, wala mimi sikuliwaza. Nimezaliwa Kibokoni, nimekulia humu kisiwani, nalala na feni inayosukuma hewa ya moto toka upande huu hadi upande ule. Nani wa kunifundisha joto?

Nikatoka saa nane usiku. Makupa, Changamwe, Miritini, Mazeras, na lori kama siafu. Ya usiku huo sina mengi ya kusema, ila kwamba nilijibanza nyuma ya basi moja kwa umbali wa heshima hadi Taru, na kwamba simpendekezei mtu barabara ile gizani. Alfajiri nikaswali Voi. Makindu nikaingia kwenye hekalu la Masingasinga, ambalo liko pale tangu 1926 na hulisha msafiri yeyote bila kumuuliza dini wala pesa. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa. Nilikula chapati na dengu, nikanywa chai, nikaenda msalani. Kumbukeni huo msala, nitaurudia.

Sultan Hamud nilitetemeka kwa baridi. Nairobi sikuingia mjini. Nikageuzia Bellevue saa nne na dakika ishirini, mita ya pikipiki ikisoma kilomita 479. Nikajaza tangi, nikaweka risiti kwenye bahasha, nikampigia mke wangu. Hakushika. Huo ulikuwa ujumbe wenyewe.

Basi kurudi. Kutoka Nairobi kuja pwani unateremka mchana kutwa. Unaanza juu, kama mita 1,700, na kila ukishuka hewa inakuwa nzito na ya moto. Kwenye usukani nilikuwa nimefunga kipimajoto changu cha kazini, kile cha waya ninachotumbukiza ndani ya friza. Emali kilisema 31. Makindu 34. Mtito Andei, saa nane na nusu mchana, 38.

Nikafanya alivyofanya kila mtu wa Mombasa tangu tuumbwe: nikavua. Koti nililikunja nikalifunga nyuma, nikabaki na fulana. Dakika tano za kwanza nilijiona nina akili kuliko wote walioko barabarani. Upepo unapita kwapani, raha. Halafu ikawa si raha. Wenzangu mafundi watanielewa nikisema ilikuwa kama kusimama nyuma ya kondensa ya AC kubwa ya hoteli, pale inapotemea joto la vyumba vyote. Spidi ikipanda, joto linapanda. Nikipunguza, jua linanichoma mabega.

Lakini nilijipa moyo kwa jambo moja: nilikuwa sitoki jasho. Nilijishika kifua, kikavu. Mgongo, mkavu. Kwa mtu wa kwetu, ukavu ni habari njema. Mombasa joto unalijua kwa kulowa, na ukikauka ujue limepungua. Nikasema alhamdulillahi, mwili umezoea. Chupa ya maji ilikuwa kwenye begi na sikuigusa, maana hata kiu sikuwa nayo.

Kabla ya Kenani niliona kibao cha kilomita. Baada ya muda nikakiona tena, kile kile, na sikushangaa. Lori likanipigia taa mara tatu kwa sababu nilikuwa katikati ya barabara, nikampungia dereva mkono kama tunasalimiana. Muundi wa kushoto ukakaza. Kisha nikasikia vipele vya baridi mikononi, kwenye joto la 38. Hapo ndipo sehemu ndogo ya akili yangu, ile inayobaki ofisini wakati wengine wameshakwenda nyumbani, ikaniambia: simama.

Lori moja la makontena lilikuwa limeegeshwa pembeni, dereva na utingo wake wameketi kwenye kivuli cha tela na jiko lao la mafuta ya taa. Niliegesha, au niseme pikipiki iliniegesha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, mara ya mwisho umekojoa saa ngapi?"

Hakuuliza jina wala natoka wapi. Hilo ndilo swali lake la kwanza. Nikafikiri kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Makindu. Lakini Makindu ya asubuhi, saa moja na nusu, na sasa ilikuwa saa tisa.

Mzee alikuwa Mduruma wa Mazeras, mwenye kofia ya kitambaa na miaka yake barabarani. Alimwambia utingo achanganye maji, sukari, chumvi kidogo na limau, wakaninywesha kwa kikombe cha bati, taratibu, funda moja baada ya jingine. Nilipotaka kugugumia aliniondolea kikombe mdomoni kama mtoto. Baadaye niliuliza kipimo hasa kwa muuguzi ninayemtengenezea friji: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Sasa natembea na chupa yake.

Nililala chini ya lori saa moja na zaidi. Nilipoinuka nikaanza kufunga mizigo, mzee akachukua dumu, akanimwagia maji fulana yote, mbele na nyuma. Nikasema asante, nikashika usukani.

"Koti liko wapi?"

"Mzee, na joto hili?"

"Vaa koti. Funga zipu, bakisha hapa shingoni kidogo na hapa mikononi. Wasomali wa Garissa umewaona wakitembea vifua wazi?"

Nikavaa kwa adabu tu, nikijua nitalivua nikishapita kona. Kona ikapita. Mto Tsavo ukapita. Sikulivua. Kuna kijiubaridi kilikuwa kinatambaa kifuani na mgongoni, baridi kabisa, kama nimefungua mlango wa friji na kusimama mbele yake. Kipimajoto bado kilisema 37.

Nikaanza kucheka peke yangu ndani ya helmeti, na kicheko kilikuwa cha aibu. Maana hii ndiyo kazi yangu! Miaka kumi na tisa nawaeleza wateja kwamba friji haitengenezi baridi, inaondoa joto: kile kimiminika ndani ya bomba kikigeuka gesi, hubeba joto la nyama yako na kwenda kulitupa nje. Maji kwenye shati ni hivyo hivyo. Yakigeuka mvuke hubeba joto la ngozi. Ngozi ya binadamu huwa na kama nyuzi 35. Hewa ikiwa baridi kuliko hapo, upepo unakupoza. Ikiwa moto kuliko hapo, upepo mtupu unakupika, na kinachobaki kukuokoa ni maji yanayokauka juu yako. Kwenye nchi kavu kama Tsavo jasho linakauka kabla hujaliona. Kumbe nilikuwa natoka jasho muda wote, pengine lita nzima kwa saa, na upepo unalilamba. Koti kazi yake ni kuzuia maji yasikauke yote kwa mpigo na jua lisikufikie.

Na kabla ya kazi nilifundishwa na nyanya. Kibokoni alikuwa na mtungi wa udongo juu ya kigoda, na hakukubali abadani tumletee jagi la plastiki. Mtungi mzuri, akisema, ni ule unaotoka jasho. Ulikuwa umelowa nje daima, na maji yake yalikuwa baridi ya meno. Kaskazi ikivuma alikuwa akiusogeza dirishani upigwe na upepo. Ila siku za maleleji, hewa imesimama na kila kitu kinanata, maji ya mtungi yalikuwa vuguvugu na nyanya alinuna kutwa. Nilidhani ananuna kwa uzee. Hewa iliyoshiba maji haipokei mengine. Mtungi haukauki, na mtu hakauki. Ndiyo maana sisi Mombasa tunalowa chapachapa na bado tunaungua, halafu tunajidai wataalamu wa joto wakati tunalijua la aina moja tu.

Kila baada ya dakika arobaini hivi nilisimama nikajimwagia chupa. Manyani, Voi, Maungu. Injini ya Boxer, ambayo nayo inapozwa na upepo tu, haikulalamika hata mara moja, na ngozi ya mbuzi nayo niiseme kwa haki yake: makalio yalichoka lakini hayakuchubuka. Magharibi ilinikuta Mackinnon Road, kwenye msikiti ule wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, karibu na reli ya zamani. Wasafiri wengi husimama pale. Nilimwombea yule mzee wa lori, kisha nikakumbuka kwamba hata jina lake sikumuuliza.

Mariakani msongamano. Kutoka pale nilikuwa simwagi maji tena, lakini kufika Mazeras shati lilikuwa limelowa lenyewe, na joto la nyumbani likanikumbatia bila kunipoza hata chembe. Nilifurahi kama niliyeshikwa mkono na jamaa.

Majengo saa nne na robo usiku. Mita: 962.

Mke wangu alikuwa barazani na majirani wawili. Nikapita. Sikusimama, maana nilijua nikishuka sipandi tena. Nikashika daraja la Nyali, simu ikaanza kutetema mfukoni, nikaipokea Bombolulu.

"Nimekuona ukipita!"

"Narudi sasa hivi, zimebaki thelathini na nane."

"Thelathini na nane nini?"

Majengo iko moja mjini na nyingine Kanamai, ng'ambo ya Mtwapa, na kwenda na kurudi ni kama arobaini. Kule nikaingia kituo cha petroli nikaomba lita moja na risiti. Kijana wa pampu akasema mashine haina karatasi. Nikamwambia nimetoka Nairobi leo, nahitaji kitu chenye saa. Akanitazama, akapasua pakiti tupu ya sigara, akaandika kwa kalamu: petroli lita 1, Kanamai, saa tano kasorobo. Akatia sahihi, ndefu, kama ya hakimu.

Nilifika nyumbani mita ikisoma 1,004. Mama Nasra alinifungulia, akanishika mgongoni.

"Umelowa hivi, mvua imenyesha wapi?"

Nikampa bahasha. Akazitoa risiti moja moja pale mlangoni, akaifikia pakiti ya sigara, akaisoma mara mbili chini ya taa.

"Baba Nasra. Umenipita hapa, ukaenda mpaka Kanamai, kununua lita moja?"