Saiti mpya (kile kifaa cha kulengea) kwenye bunduki yangu ya Marlin 336
Jamani hatimaye nimeitoa ile saiti ya nyuma ya kiwandani, ile yenye pembe mbili kama za nyati, inakuzibia nusu ya unacholenga na macho yangu siku hizi yanaiona ukungu tu. Nimefunga ya tundu, yaani unalenga kwa kuchungulia kwenye kitundu kidogo, inakaa nyuma juu ya bodi ya bunduki, skrubu zinaingia kwenye matundu yaliyopo tayari hakuna kutoboa chochote, umbali kati ya saiti mbili unaongezeka na jicho lenyewe linatafuta katikati. Ila cheki kimo kwanza!! Ya nyuma ikikaa juu sana risasi zinapanda, hapo lazima ununue na ya mbele ndefu. Ya mbele mi nimechukua nyeusi bapa, zile zenye kishanga cha shaba kwenye ncha, jua likipiga upande kinakudanganya.