Sindano ya miezi mitatu kwa Zabibu: nilivyopima

Zabibu aliletwa kwangu ndani ya tenga la zabibu kutoka Hombolo, hapa Dodoma, jina likamganda. Ni mbwa koko, jike, hana ugonjwa wowote, na chanjo ya kichaa anapata kila mwaka. Shida yangu ilikuwa uzao. Mara ya kwanza alizaa sita. Madume wanne walichukuliwa ndani ya wiki. Majike wawili nilizunguka nao Nkuhungu nzima kama muuza mitumba.

Joto la pili, yaani siku zake za kutaka dume, lilipokaribia, bibi jirani, ambaye siwezi kumpita bila salamu ya Kigogo, "mbukwenyi", akashangaa ninavyohangaika. "Mjukuu wangu, si umchome ile ya miezi mitatu? Wenzio wanachoma." Alimaanisha sindano ya uzazi wa mpango, hii hii ya akina mama.

Niliona sawa. Bei ndogo, hakuna kisu, na ukighairi unaacha tu. Hata intaneti ilinitia moyo. Nilisoma habari za fereti, kinyama chembamba jamii ya kicheche kinachofugwa Ulaya. Kikihasiwa kwa upasuaji, tezi zilizo karibu na figo zake huweza kuugua baadaye, kwa hiyo madaktari wengi wa huko wanapendelea kukiwekea kipandikizi cha homoni chini ya ngozi. Nikajisemea: basi, homoni ndiyo salama.

Kabla ya kwenda duka la dawa nilipita kwa daktari wa mifugo, nikamhubiria fereti wangu kwa kujiamini kabisa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mara ya mwisho aliingia joto lini, mama?"

Sikujua.

"Na una hakika hana mimba sasa hivi?"

Nilimtazama Zabibu kana kwamba atanisaidia kujibu.

Ndipo aliponieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Jike wa mbwa akitoka kwenye joto, mwili wake hutoa projesteroni, homoni ya kulea mimba, kwa kama miezi miwili, awe na mimba au asiwe nayo. Kila joto kizazi kinajiandaa, hata bure. Sindano ile nayo ni jamii ya projesteroni, kwa hiyo unaongeza maji kwenye ndoo iliyokwisha kujaa. Ukuta wa kizazi unanenepa, usaha unaweza kutunga, na mlango wa kizazi ukiwa umefunga hauna pa kutokea. Mbwa anakufa hivyo. Akichomwa akiwa na mimba, uchungu unaweza kugoma kuanza na watoto wakafia tumboni. Kuna pia uvimbe wa matiti, na kisukari. Na kipandikizi cha fereti? Kwa jike wa mbwa aliyekomaa, mara nyingi huanza kwa kumtia joto lile lile unalolikimbia, ndipo kilizime.

Upasuaji wa kumhasi nao hakuupamba. Nusukaputi ina hatari zake, damu inaweza kuvuja, na baadhi ya majike baadaye huvujisha mkojo wakiwa usingizini. Hilo la mkojo lilinipa mawazo kuliko yote, maana Zabibu hulala kwenye mkeka wa sebuleni.

Niliwaza wiki nzima. Kilichonikata shauri ni lile swali la tarehe. Sindano ingehitaji mtu anayejua mbwa wake yuko siku ya ngapi, tena kila inaporudiwa, na mimi natoka nyumbani alfajiri, narudi giza limeingia. Kisu kingekuwa mara moja tu.

Zabibu hakunisubiri. Aliingia joto Aprili, kabla sijapanga siku, na daktari akakataa kumgusa: mishipa ya kizazi inakuwa imejaa damu, turudi miezi miwili au mitatu baadaye. Kwa wiki tatu nilimfungia stoo, huku madume ya mtaa mzima yakilala nje ya wigo wa minyaa. Usiku mmoja niliwahesabu tisa, mmoja kavaa kola ya maana kabisa.

Alipasuliwa Julai, ule upepo wetu wa baridi na vumbi ukiwa umepamba moto. Ili asilambe nyuzi nilimvika sweta la shule la mwanangu, miguu ya mbele kwenye mikono. Bibi alikuja kumjulia hali, akamzunguka mara mbili kimya.

"Sasa huyu," akaniuliza, "yuko darasa la ngapi?"