Mradi wa mgongo: mpangilio umekubali

Hatimaye mpangilio wa mazoezi na tiba zangu za maumivu ya mgongo umekubali. Maumivu ambayo kwa miezi kadhaa yalikuwa yakianzia kiunoni, yakipita katikati ya tako la kulia na kuishia nyuma ya paja, sasa yamepanda juu na kutulia karibu na uti wa mgongo. Kiuno chenyewe kinauma zaidi kidogo kuliko awali, na wanaofuata njia ya McKenzie, ya kutibu mgongo kwa mazoezi, wataelewa kwa nini jambo hilo linanifurahisha: kinachotazamwa kwanza ni mahali maumivu yanapofika, na yakitoka mguuni kurudi mgongoni ni dalili njema; ukali wake hufuata baadaye. Robin McKenzie, mtaalamu wa tibaviungo, aliligundua jambo hilo kwa bahati mwaka 1956 huko New Zealand, pale mgonjwa wake alipolala kifudifudi juu ya kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwani, na maumivu ya mguu yakatoweka.

Mbinu zenyewe hazikuwa haba. Joto, kukanda, kunyoosha misuli na mazoezi ya kuimarisha kiuno, kila moja ikifanywa peke yake ilinipa nafuu ya saa chache, kisha hali ikarudi pale pale. Nilipozichanganya ilikuwa kero zaidi, kwa sababu mchanganyiko uliosaidia leo ulichochea maumivu kesho yake. Nikaanza kuandika daftarini saa ya kila zoezi na mbinu iliyotangulia, huku nikichora kwenye picha ya mwili mstari unaoonyesha maumivu yalikoishia. Kurasa zilipojaa, ilionekana wazi kwamba mistari mirefu yote ilikuwa ya siku zilizoanza kwa kuinama mara tu baada ya kuamka. Usiku diski zilizo kati ya pingili hufyonza maji na kujaa, ndiyo maana mtu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko alivyolala, na kuinama katika saa hiyo huzielemea kuliko kuinama kulekule mchana. Kugusa vidole vya miguu asubuhi kumefutwa kwenye ratiba, ingawa ndilo zoezi ambalo kila mtu hulipendekeza.

Sasa ninaanza alasiri, kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, ambayo hukaa kiunoni na takoni kwa dakika 15. Joto likishaingia, ninauegemea ukuta kwa upande, mpira wa tenisi ukiwa kati ya ukuta na tako, na kutafuta sehemu iliyokaza kati ya mfupa wa chini ya kiuno na ule wa nje wa nyonga. Nikiipata, siviringishi mpira. Ninatulia hapo hapo na kutoa pumzi polepole hadi misuli ilegee. Neva ya siatika, ile kubwa inayoshuka mguuni, hupita chini ya msuli huo wa tako, kwa hiyo mchonyoto au ganzi ikianza kushuka mguuni, mpira unahamishwa mara moja. Baada ya hapo ndipo ninapolala kifudifudi na kujisukuma juu kwa mikono, mara 10, nyonga zikibaki sakafuni. Hatua hii ilikuwa ikigoma kila ilipotangulia, kwa sababu tako lililokaza lilivuta nyonga upande mmoja na kuziinua. Ikifuata joto na mpira, kiuno hupinda vizuri kwa nyuma na mstari wa daftarini hufupika siku hiyo hiyo. Mazoezi matatu ya kuimarisha kiuno ya Stuart McGill, mtafiti wa mgongo wa Kanada, huja mwishoni, kila mkao ukishikiliwa kwa sekunde 10 tu, kisha ninatembea.

Kuhusu vifaa, mpira wa tenisi unanitosha, kwani ile migumu huacha alama za damu iliyovilia. Rola ya sponji ni nzuri kwa mapaja na mgongo wa juu, lakini sioni sababu ya kuilalia kiunoni, mahali ambapo hakuna mbavu za kupokea uzito. Mashine ya TENS, inayopitisha umeme mdogo kwenye ngozi, nimebadili mawazo kuihusu: kwa mujibu wa nadharia ya lango iliyotolewa na watafiti Melzack na Wall mwaka 1965, hisia za ngozini huweza kuzuia taarifa za maumivu zisipite kwenye uti wa mgongo, na kweli hunipa utulivu wa kuweza kufanya mazoezi. Mstari wa daftarini, hata hivyo, haijawahi kuufupisha. Mashine za kukanda zinazotetema zina kelele kuliko faida.

Hakuna chochote kati ya hivi kinachomhusu mtu aliyepata ganzi katikati ya mapaja, aliyeshindwa kuzuia mkojo au ambaye mguu umelegea ghafla. Huyo anatakiwa kuwa hospitalini siku hiyo hiyo.

Wiki hii nilipanga kujaribu plasta za kunyumbulika, lakini kijiti cha ufagio kimeniteka. Ninakishika wima nyuma ya mgongo, kikigusa kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa chini ya kiuno, kisha ninainama kwa kurudisha nyonga nyuma. Kinaachia mguso wa chini kabla sijainama sana, jambo linaloonyesha hasa ni wapi kiuno kinaanza kujikunja badala ya nyonga. Plasta zitasubiri kabatini hadi niweze kuokota kiatu bila kijiti kubanduka.